NILIMUOMBA MUNGU ISHARA, WAKALA AKANIPA SIKU TATU!

Najua wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tutawasema wanaume wanaoazima simu za wapenzi wao halafu hawarudishi. Habari hiyo ipo, wala usiwe na wasiwasi, na ina vichekesho vyake. Lakini leo naomba uniruhusu nitoe la moyoni, maana limenikaa kooni kama mwiba wa sato, na kama silisemi hapa sijui nitalisemea wapi.

Basi bwana, ilikuwa mwaka 2023, mwezi wa tano. Mimi na mama na mdogo wangu wa kiume tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kitangiri, hapa Mwanza, nyumba zile za juu ambazo ukitoka mlangoni tu unakutana na jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Baba alishatangulia mbele ya haki nikiwa darasa la sita. Mama anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016, nikapata divisheni foo, tena siyo foo ya kumwonyesha mgeni. Tangu hapo nilikuwa mtu wa kuungaunga: leo namsaidia mama kuanika dagaa, kesho nashika duka la vocha la watu, keshokutwa niko nyumbani nahesabu mabati.

Ndipo akatokea dada mmoja, wakala. Tulikutana naye mjini, akaninunulia soda na sambusa mbili. Akasema kuna kazi za ndani Muscat, Oman. Mshahara riyali 80 kwa mwezi, ambazo kwa bei ya fedha ya mwaka ule zilikaribia laki tano. Miaka miwili, kula na kulala bure, tiketi juu ya bosi. Mimi nitoe pesa ya pasipoti tu, 150,000, hayo mengine yatakatwa kwenye mshahara. Mkataba? "Utausaini ukifika, mdogo wangu, huko ndiko uliko." Leo ilikuwa Ijumaa, akasema Jumatatu saa nne asubuhi anataka jibu.

Msomaji, laki tano! Wewe unayesoma hapa pengine ni pesa ya wikiendi mbili. Kwetu ilikuwa ni kodi ya nyumba, ada ya mdogo wangu, na mama apumzike kuamka saa tisa za usiku kuwahi mitumbwi. Nilipanda ule mlima wa kwenda nyumbani kama sikanyagi chini.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anapepeta dagaa. Hakushangilia wala hakukataa. Akasema neno moja tu: "Tumuulize Mungu."

Kwetu neno hilo ni la kawaida. Mtu akitaka kuoa, tumuulize Mungu. Akitaka kuuza kiwanja, tumuulize Mungu. Ukipita viwanja vya Furahisha wakati wa mikutano ya injili utakuta nusu ya watu waliopanga foleni ya kuombewa wana swali moja: niende au nisiende, nimkubali au nimkatae. Na usidhani jambo hili limekuja na spika za mikutano. Mama ni Msukuma, na ananiambia kwamba babu zake walikuwa hawaanzi safari kubwa kabla ya kwenda kwa mfumu, anachinjwa kuku, anapasuliwa, wanasoma yaliyomo ndani yake. Kuku akisema hapana, mzigo unafunguliwa. Siku hizi kuku tunamla tu, lakini ile hamu ya kuambiwa bado tunayo.

Basi tukafunga. Mama akawaita na wenzake wa kikundi cha maombi, wakawa wanapanda kwenye yale majiwe nyuma ya nyumba alfajiri, wanaomba mpaka jua linachomoza upande wa pili wa mji. Mimi nilikuwa nakaa pembeni, njaa inaniuma, naangalia ziwa linavyobadilika rangi. Kwa kweli ilikuwa raha. Sijui kama niliomba, lakini kwa mara ya kwanza tangu nile zile sambusa nilikuwa nimetulia.

Kasheshe ilianza majibu yalipoanza kuja. Mama mmoja wa kwaya akasema ameona moto na mtoto analia. Mjomba akapiga simu toka Sengerema, akasema ameniota nimepanda ndege nimevaa nyeupe, kwa hiyo niende. Mwenzie mama mmoja akauliza, nyeupe gauni au nyeupe sanda? Wakaanza kubishana kwenye simu, bando likakata. Mama mwenyewe akasema ana amani. "Amani ya niende au amani ya nibaki?" nikamuuliza. Akanyamaza, halafu akasema, "Amani tu, mwanangu."

Kuna jirani akatushauri twende kwa nabii mmoja nje kidogo ya mji. Nikaenda, nisikufiche. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa nane mchana. Nilipofika mbele, nabii hakuniuliza hata jina, akasema anaona safari, anaona maji, anaona mlango. Ebo! Mwanza nani asiyeona maji? Halafu msaidizi wake akanivuta pembeni akaniambia mlango huo unafunguliwa kwa sadaka ya mbegu, 50,000. Nilikuwa na 3,000 ya nauli. Nikarudi na mlango wangu umefungwa hivyo hivyo.

Jumamosi usiku nikaamua nifanye mambo yangu mwenyewe. Nikafumba macho, nikafungua Biblia popote, nikaweka kidole. Nikafumbua. Nilikuwa kwenye Mambo ya Nyakati, kwenye orodha ya majina, fulani akamzaa fulani akamzaa fulani. Nikasema hii haihesabiki. Nikarudia. Safari hii nikaangukia habari za ukoma. Nikaifunga.

Nikajiambia: meli ikipiga honi kabla sijahesabu mia moja, naenda. Nikahesabu mia, kimya. Nikasema nilihesabu haraka mno, nikaanza upya. Nikafika mia tatu na arobaini hivi ndipo ikalia, sijui ni meli au ni lori la samaki huko barabarani, nikasema: asante Bwana, umeniruhusu!

Nililala na kicheko kidogo, halafu nikaamka usiku nikaona aibu. Nilikuwa nataka kwenda. Nilikuwa nataka kwenda tangu kwenye sambusa. Sikuwa namuuliza Mungu kitu chochote, nilikuwa namtafutia nafasi ya kupiga muhuri. Nikajitetea kwamba hata Gideoni kwenye kitabu cha Waamuzi aliomba ishara ya ngozi mara mbili, mara ya kwanza ilowe umande na ardhi iwe kavu, mara ya pili kinyume chake. Na mitume walipomtafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda walipiga kura, ikamwangukia Mathiya. Lakini mitume kwanza walipata majina ya watu wawili wanaowafahamu. Mimi nilikuwa na jina gani la huyo bosi wa Muscat? Sikuwa nalo.

Jumapili jioni nilikwenda kwa mama mwenye nyumba kumpelekea pesa ya umeme. Yeye ni Mwislamu, mtu wa Tabora, mcheshi sana. Akaniuliza mbona nimekonda. Nikamwaga yote. Akacheka kwanza, akanipa uji, akasema nifungue, Mungu hadanganywi kwa njaa.

"Sisi tuna istikhara," akasema. Akanieleza: unasali rakaa mbili za sunna, halafu unaomba dua, unalitaja jambo lako kwa jina, unamkabidhi Mwenyezi Mungu, likiwa na heri alirahisishe, likiwa na shari aliepushe. Nikamuuliza, halafu unaota? Akatikisa kichwa. "Watu wengi hapo ndipo wanapokwama. Mtu anasali istikhara, analala, anaota mbuzi, asubuhi anaanza kuuliza mbuzi maana yake nini. Ustadhi wetu alitufundisha ndoto siyo sharti. Tena hiyo istikhara ina pacha wake, istishara, kushauriana. Unamuuliza Mungu na unawauliza wanaojua. Wewe umewauliza wangapi waliokwenda huko Muscat?"

Hakuna. Sikuwa nimemuuliza hata mmoja, msomaji. Nilikuwa nimemuuliza nabii, jiwe, na honi.

Usiku huo nikakaa na simu. Nikasoma mpaka macho yakauma. Kuna ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Novemba 2017 iliyowahoji wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza jinsi pasipoti zao zilivyochukuliwa na waajiri, jinsi walivyokuwa wakifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku mkubwa, na wengine walivyonyimwa mishahara. Nikaelewa maana ya kafala: viza yako iko mikononi mwa mdhamini wako, kafili, ukimkimbia umekuwa mkosaji. Nikasoma pia kwamba wakala anayepeleka watu nje anatakiwa awe na leseni ya serikali. Yule dada wa sambusa sikujua hata anaishi mtaa gani.

Lakini kilichonigeuza siyo ripoti. Ni bibi.

Bibi mzaa baba ni mtu wa Ukara, kile kisiwa kilicho nyuma ya Ukerewe. Wiki ile alikuwa kwetu, ameletwa Bugando kwa ajili ya macho. Siku zote za mfungo alikuwa kimya, amejifunika kitenge, wala hakuja kwenye majiwe. Usiku ule tulikuwa tunalala kitanda kimoja, akaona mwanga wa simu.

"Mke mwenza, hulali?"

Nikamwambia silali, namtafuta Mungu. Akauliza, kwenye simu? Tukacheka. Halafu akanisimulia jambo ambalo nalijua, ila sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake.

Tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, upande wa Ukerewe. Shangazi yangu alikwenda huko kuuza karanga. Akaenda na binamu yangu, mtoto wa shangazi mwingine, msichana wa miaka 17. Mchana wakawa wanarudi Ukara kwa kivuko cha MV Nyerere. Shangazi kuna mteja alikuwa hajamlipa, akarudi kumdai. Akamwambia binamu yangu, wewe tangulia na ndoo. Alipofika gatini kivuko kilikuwa kimeshaondoka. Kikapinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya, watu wa nchi kavu wanakiona. Walikufa watu zaidi ya 220. Fundi mmoja wa mitambo alitolewa humo ndani akiwa hai Jumamosi, siku ya pili baada ya ajali, na nchi nzima tukadhani watatoka na wengine. Hawakutoka. Wengine walizikwa palepale Bwisya. Binamu yangu alipatikana Ijumaa.

"Shangazi yako," bibi akasema, "kila mwaka anatoa ushuhuda kanisani. Anasema Mungu alimshika mkono asipande. Watu wanapiga vigelegele. Na mimi niko hapo kwenye benchi, na mama yake yule mwingine tumekaa naye. Siku moja akaninong'oneza: mama, wangu alishikwa na nani?"

Nikakosa la kusema.

"Asubuhi ile tulisali wote. Mimi ndiye niliyewaombea safari, nikawawekea mikono kichwani wote wawili. Dua moja. Sijaacha kusali, usinielewe vibaya. Ila nimeacha kumsemea Mungu."

Tukakaa kimya. Mbwa wa Kitangiri wanabweka. Nikadhani amelala. Halafu akaanza tena, sasa kwa sauti ya chini: "Baadaye redioni walisema kile kivuko ni cha watu 101. Mimi sikujua. Miaka yote napanda, sikujua kina idadi. Na hata ningejua ningefanya nini, kivuko ni hicho hicho, ungelala Bugolora? Lakini nikawaza, kumbe kuna neno lilikuwepo siku zote, limeandikwa mahali, na sisi tunatafuta ndoto. Mimi sikusoma. Wewe baba yako alikusomesha. Hiyo karatasi ya huko uendako inasemaje?"

Nikamwambia bibi, karatasi haipo. Nitapewa nikifika.

"Ahaa," akasema. Akageukia ukutani, akalala kweli.

Jumatatu saa nne nilikuwa mjini. Wakala alikuja na soda, sambusa safari hii hakuna. Nikatoa daftari langu. Nikamuuliza naomba kuona mkataba. Naomba kuona leseni. Pasipoti yangu atakaa nayo nani? Naomba namba ya simu ya msichana mmoja tu uliyempeleka, niongee naye mwenyewe. Sauti ilikuwa inatetemeka, nisijisifie. Alinitazama kwa jicho la pembe kuanzia kandambili mpaka kichwani. "Una maswali kama polisi," akasema. "Wenzako wanalilia nafasi hii." Nikamwomba wiki moja. Akaondoka, na soda nikalipa mimi.

Nyumbani mama akasema Mungu amefunga mlango, wale wa kikundi wakaimba. Mwenye kuona moto akasema si niliwaambia! Mjomba akasema nimemkatalia Mungu wake. Mimi nilikuwa najiona shujaa, kwa muda wa siku nne hivi. Siku ya tano nikasikia ile nafasi amepewa rafiki yangu, tulikuwa naye darasa moja, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimwonyesha daftari langu, nikampa na ile ripoti aisome. Akaniambia amefunga siku saba, na Mungu amemwambia aende. Nitasema nini? Yeye amefunga saba, mimi tatu, tena nikanywa uji wa mama mwenye nyumba.

Akaenda.

Na mimi niliyebaki, usidhani nililipwa kwa busara yangu. Zile 150,000 nilizokwishazichanga kwa ajili ya pasipoti niliziingiza kwenye dagaa na mama, na nyingine tukakopa. Novemba mwaka uleule zikaja mvua za El Nino. Dagaa anataka jua, asipolipata siku mbili anaanza kunuka, na akishanuka hana mnunuzi ila watengeneza chakula cha kuku. Tuliuza magunia manne kwa bei ya kutupa. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima. Usiku nilikuwa nasikia mvua juu ya bati, nakumbuka riyali 80, nauma shuka. Ni wakati huo ndipo nikamwandikia mhariri wa gazeti hili barua ya kwanza, kwa hasira, na yeye akaichapa na kunitumia 10,000. Kwa hiyo kama safu hii inakukera, ilaumu mvua.

Rafiki yangu alirudi mwaka 2025, mwezi wa saba. Akakuta daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwezi mmoja tu nyuma yake, kilomita tatu juu ya maji, watu wanalivuka kwa miguu wakijipiga picha. Alinifurahia sana, tukavuka wote. Mama yake amemjengea vyumba viwili Buswelu, vya bati jipya. Wadogo zake wanasoma. Mtaa mzima unasema: yule alimsikiliza Mungu. Wanaposema hivyo mimi natazama viatu vyangu.

Lakini simu ikilia usiku anashtuka, anakaa kitandani kabla hajafumbua macho. Miezi mitano ya kwanza haisemi. Nilimuuliza mara moja, akasema, "Nilibadilishiwa nyumba, ya pili ilikuwa ya watu," akaanza kunionyesha vitenge. Nikamuuliza, na lile jibu la mfungo wa siku saba, ulisikia nini hasa? Akafikiri sana. "Nilisikia niende," akasema. "Hakuniambia itakuwaje."

Sasa hiki ndicho kilichonifanya niache habari za simu za kuazima. Wiki mbili zilizopita rafiki yangu amekuja nyumbani. Yule bosi wake wa pili ana dada yake, anatafuta msichana, na ameniombea mimi. Mshahara umepanda. Leseni ya wakala nimeiona kwa macho yangu, nimeongea na wasichana wawili walioko huko sasa hivi, mmoja analalamika chakula, mwingine hana neno. Na mkataba umekuja kabla ya mtu. Kurasa nne, upande huu Kiarabu, upande huu Kiingereza. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi.

Mama ameshasema. Unajua alivyosema. Wamama wa kikundi wanapanda tena kwenye majiwe kuanzia Jumatano, na mimi nitapanda nao, safari hii nimeshakunywa uji.

Jana nikampigia bibi Ukara. Shikamoo bibi, marahaba mke mwenza, macho yanaendeleaje, yanaona yanayotaka. Nikamweleza. Hakuniuliza nimeota nini. Akauliza karatasi ina kurasa ngapi. Nikamwambia nne.

"Umezisoma?"

Niko ya tatu. Kiingereza chake kigumu, na kuna kifungu cha siku za mapumziko nimekisoma mara sita sijakielewa. Kesho nampelekea mwalimu wangu wa zamani pale Kirumba anisomee. Nikiwahi kurudi, wiki ijayo tutawasema wale wanaume wa simu, panapo majaaliwa.